Mpwa wangu anajumlisha nusu na theluthi, anapata 2/5

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala. Ninaishi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma darasa la sita. Mama yake ana genge la unga wa muhogo, kunde na dagaa, tunakaa jirani, ila mtoto analala kwangu kwa kuwa kwangu kuna taa ya sola na meza ya kuandikia.

Kinachotusumbua ni hesabu za sehemu. Asili, zile namba za chini, zikiwa zinafanana hana shida. Zikitofautiana tu, anaharibu. Mwezi uliopita nilifungua daftari lake nikakuta 1/2 + 1/3 = 2/5. Nikamfundisha njia niliyosoma mimi: unazidisha asili kwa asili, halafu unazidisha kwa msalaba, yaani kila namba ya juu kwa asili ya mwenzake, unajumlisha juu. Akaishika, nikafurahi. Baada ya siku chache akapewa 7/8 − 1/6, akafuata njia yangu akapata 34/48. Mwalimu wake akaweka kosa, akamwambia atumie KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Tangu hapo mtoto amevurugika. Anaanza kwa KDS, anamalizia kwa msalaba, anafuta kwa raba mpaka karatasi inatoboka.

Kuna na hizi za namba mchanganyiko. Aliulizwa 3 1/4 − 1 2/3, akajibu 2 5/12. Nilikaa nayo hadi usiku nisione amekosea wapi.

Dada anasema mtoto hana kichwa cha hesabu kama yeye mwenyewe, kwa hiyo nisipoteze pesa ya tuisheni, msimu wa korosho umeshaanza na mikono ya kuokota inahitajika. Mimi naona huyu mtoto ana akili. Naomba unisaidie mambo matatu: njia yangu ni mbovu? Nimsaidieje? Na dada nimwambie nini?

Mjomba, Newala

MAJIBU YA MWALIMU

Marahaba, Mjomba. Umenitumia makosa yenyewe kama yalivyoandikwa, na hilo limenisaidia kuliko ungeniambia tu kwamba mtoto hawezi. Kosa la mtoto lina njia yake. Ukiifuata unakuta alikuwa na sababu ya kuandika alichoandika.

Tuanze na ile 2/5. Mpwa wako amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na si kwamba ameokota tu jibu. Chukua daftari lake utazame alama. Zoezi la Jumatatu amepata 7/10, la Jumatano 12/20. Ukitaka kujua amepata ngapi kwa yote mawili, unasema 19 kati ya 30, na uko sahihi kabisa. Mtoto anaiona hesabu hiyo kila wiki kwa kalamu nyekundu, kisha tunamshangaa anapoijumlisha nusu na theluthi kwa namna ileile! Tofauti iliyopo ni lazima aambiwe kwa uwazi. Kwenye alama, kila zoezi ni kitu kizima cha peke yake, na ukiyaunganisha kizima kinakuwa kikubwa zaidi. Kwenye hesabu ya sehemu, nusu na theluthi ni za kitu kimoja kilekile: shamba moja, debe moja, saa moja. Kizima hakiongezeki.

Kabla hujamfundisha njia yoyote, mfundishe kulihoji jibu lake. Muulize: ulianza na nusu, ukaongeza kitu juu yake, sasa una zaidi ya nusu au pungufu? Atasema zaidi. Haya, 2/5 ni zaidi ya nusu? Nusu ni 5/10, na 2/5 ni 4/10. Umeongeza halafu ukapungukiwa. Mwache akae nalo hilo, usimkimbilize, wala usimpe jibu sahihi hapo hapo. Mtoto akishaona kwa macho yake kwamba jibu haliwezekani, yeye mwenyewe ndiye atakayeitafuta njia, na utamfundisha bila kumvuta.

Sasa njia yako. Si mbovu, Mjomba. 34/48 ni jibu la kweli, halijarahisishwa tu: gawanya juu na chini kwa 2, unapata 17/24, ambalo ndilo mwalimu alilitaka. Ningesahihisha mimi, ningempa alama ya njia na kumwandikia arahisishe. Lakini simlaumu mwalimu. Swali likija la kuchagua jibu, mtoto atakuta 17/24 kwenye orodha na 34/48 hataiona, hapo ndipo atakapobabaika. Na zikija sehemu tatu kwa pamoja, msalaba unakuwa mzigo. Nitakuonyesha hivi punde.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia mtoto ni kwamba njia yako na ya mwalimu zinafanya kazi moja. Asili, ile namba ya chini, inataja ukubwa wa kipande. Kiasi, ile ya juu, kinahesabu vipande. Thumuni (1/8) saba na sudusi (1/6) moja ni vipande vya ukubwa wa aina mbili, na huwezi kuvihesabu pamoja mpaka uvikate vyote viwe saizi moja. Wewe unakata vipande 48, mwalimu anakata 24. Vyote viwili vinakubali, kwa sababu 48 na 24 zote ni vigawe vya 8 na pia vya 6, yaani zinagawanyika kwa 8 na kwa 6 bila kubaki kitu. KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, ni kile kilicho kidogo kuliko vyote, basi.

Usimwambie maneno haya matupu. Wakati huu Newala korosho hazikosekani ndani, kwa hiyo chukua korosho ghafi 24, mpange juu ya mkeka mistari minne, kila mstari sita. Hilo ndilo shamba lenu, kila korosho ni mkorosho mmoja. (Najua mikorosho haizai sawa, kuna mmoja unatoa nusu gunia na wa jirani yake umeliwa na ugonjwa wa ubwiri unga. Kwenye hesabu hii kila mti una thamani moja.) Mwambie akutengee thumuni ya shamba, yaani agawe mafungu manane yaliyo sawa na achukue fungu moja. Atakupa korosho 3. Arudishe, kisha akutengee sudusi. Atakupa 4. Hapo muulize 7/8 ni korosho ngapi. Mafungu saba ya tatutatu, 21. Aondoe sudusi, 4. Zimebaki 17, na shamba zima ni 24.

Amemaliza 7/8 − 1/6 na hajagusa kalamu. Sasa ndipo aandike, mstari mmoja mmoja, akijua kila namba imetoka wapi:

7/8 − 1/6 = 21/24 − 4/24 = 17/24

Halafu rudini kwenye lile la kwanza, kwa korosho zilezile. Nusu ya 24 ni 12, theluthi ni 8, jumla 20. Ishirini kati ya ishirini na nne, ukigawa juu na chini kwa 4, ni 5/6. Kwa KDS ambayo ni 6 angeandika 3/6 + 2/6 = 5/6. Na 5/6 ni zaidi ya nusu, kama alivyosema mwenyewe.

Kisha mpe 2/3 + 1/5, umwachie korosho zilezile 24, unyamaze. Theluthi mbili atazipata, 16. Humusi (1/5) itamgomea: 24 haigawanyiki kwa 5, atabaki na korosho nne mkononi hajui azipeleke wapi. Hapa ndipo penye somo lote. Muulize: ni korosho ngapi, chache kabisa, zinazogawanyika kwa 3 na pia kwa 5, bila kuvunja hata moja? Atajaribu 10, zitakataa kwa 3. Atajaribu 12, zitakataa kwa 5. Akifika 15 atacheka. Theluthi mbili ni 10, humusi ni 3, jumla 13, jibu 13/15. Hiyo 15 aliyoitafuta kwa mikono ndiyo KDS, na siku mwalimu akiitaja darasani itakuwa ni kitu anachokijua.

Kuipata haraka bila korosho, mimi huwaelekeza watoto waanze na asili kubwa, wapande kwa vigawe vyake, na kila wakisimama wajiulize kama asili ndogo inaingia. Kwa 8 na 6: nane, sita haiingii, kumi na sita, haiingii, ishirini na nne, inaingia, simama hapo. Ni rahisi kuliko kuandika orodha mbili ndefu. Asili zikiwa kubwa, kama 12 na 18, kuvunja kwa namba tasa kunasaidia, ila kwa hizo pia atafika upesi tu: 18, 12 haiingii, 36, inaingia. Na wakati mwingine hakuna kazi kabisa. Kwenye 1/3 + 5/12, ile 12 tayari ni kigawe cha 3, anabadilisha upande mmoja tu: 4/12 + 5/12 = 9/12, akirahisisha 3/4. Wapo watoto wanaobadilisha pande zote mbili hata hapa kwa sababu wameambiwa "lazima", wakapata 36 chini na kujichosha bure.

Tazama sana hatua moja, maana naona wengi wanaanguka hapo baada ya kuijua KDS: wanabadilisha chini, juu wanapaacha. Wanaandika 7/24 − 1/24. Dawa yake ni swali moja alirudie kila mara kwa sauti: nane imekuwa ishirini na nne kwa kuzidishwa na ngapi? Na tatu. Basi na juu zidisha tatu. Akisahau, mrudishe kwenye mkeka: saba kati ya nane na saba kati ya ishirini na nne, ni korosho zilezile? Ataona ni 21 dhidi ya 7.

Nilisema nitakuonyesha sehemu tatu. Mfano wake uko kwenye mirathi, na huku kwetu Mtwara na Lindi familia nyingi za Kiislamu zinakutana nao. Mtu amefariki, ameacha mke, baba, mama na watoto, wa kiume wakiwemo. Madeni na wasia vikishatolewa, Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, inampa mke 1/8, baba 1/6 na mama 1/6, salio linakwenda kwa watoto. Salio ni kiasi gani? Kwa njia ya kuzidisha asili zote, 8 × 6 × 6, utapata 288 chini, na juu 36 + 48 + 48, yaani 132/288. Ni sahihi, lakini mpaka uirahisishe umeshakesha. Kwa KDS ni 3/24 + 4/24 + 4/24 = 11/24, watoto wanabaki na 13/24. Mtafute sheikh anayejua mirathi hapo Newala umuulize kadhia hii anaianzia namba ngapi. Atakwambia 24. Kama shamba lina mikorosho 24 inayolingana, mjane anajua mitatu ni yake na hakuna wa kumzungusha kwa maneno. Mweleze hilo mpwa wako. Watoto wa umri wake wanapenda kujua kwamba wakubwa wanaihitaji hesabu wanayosumbuka nayo.

Sasa ile iliyokukesha, 3 1/4 − 1 2/3. Mpwa wako alitoa 1 kwenye 3, akapata 2. Halafu akabadilisha sehemu vizuri kabisa: 1/4 ikawa 3/12, 2/3 ikawa 8/12. Umeona? KDS anaijua. Alipofika kwenye 3 kutoa 8 akaona haiwezekani, basi akageuza, akatoa 3 kwenye 8, akapata 5/12. Ametoa kidogo kwenye kikubwa kwa kuwa ndivyo alivyozoea, bila kutazama nani anatolewa na nani. Ndiyo maana hukuliona kosa: mahesabu madogo yote yako sawa, mpangilio ndio uliopinduka.

Anachotakiwa ni kukopa. Kwenye 3 3/12 anafungua nzima moja, na nzima moja ni 12/12. Anabaki na 2, na vipande vinakuwa 12 + 3, yaani 15:

3 3/12 − 1 8/12 = 2 15/12 − 1 8/12 = 1 7/12

Kaa naye hapa polepole. Watoto wengi wakikopa wanaleta kumi, kwa sababu kwenye namba nzima tangu madarasa ya chini mkopo ni kumi. Ataandika 13 badala ya 15. Muulize: ukiifungua hii nzima, inatoa vipande vingapi vya saizi hii? Asili ndiyo inayojibu. Ikiwa 12 inatoa 12, ikiwa 8 inatoa 8. Asipopenda kukopa, ageuze zote ziwe sehemu tupu: 39/12 − 20/12 = 19/12, ambayo ni 1 7/12. Njia hii haina mtego wa kupindua, inaleta tu namba kubwa. Achague mwenyewe inayomkaa.

Na jibu alihoji kama tulivyofanya mwanzo. Aliyepata 2 5/12 arudishe alichotoa: 2 5/12 + 1 8/12 ni 4 1/12. Alianza na 3 na robo, amerudisha akapata zaidi ya nne. Hakuna haja ya mwalimu kumwekea kosa, atajiwekea mwenyewe.

Kuhusu dada yako. Usibishane naye kuhusu kichwa. Nenda gengeni kwake saa za wateja usimame pembeni. Atakuja mtu atake nusu kilo ya unga, apimiwe, halafu aseme "niongezee robo". Dada atamtajia bei ya robo tatu kabla hujapepesa macho. Hapo amejumlisha 1/2 na 1/4: ameigeuza nusu kuwa robo mbili, akaongeza robo moja, zikawa tatu. Amefanya asili ziwe sawa kisha amejumlisha viasi, na anafanya hivyo kutwa nzima, tena na chenji anarudisha. Mwonyeshe hilo kwa heshima, mtoto akiwepo, ili wote wawili wasikie. Mama anayemwambia mwanawe "wewe hesabu huna kama mimi" anamfungia mlango akidhani anamhurumia, na mtoto wa darasa la sita anaamini.

Wewe ni mjomba, na huku kwetu neno la mjomba juu ya mpwa lina uzito wake. Utumie. Korosho aziokote asubuhi ya Jumamosi na wenzake, hilo halimdhuru, ila jioni ya siku za shule iwe ya meza na taa. Tuisheni nakushauri uiache kwanza. Anachokosa hakihitaji saa nyingi, kinahitaji mtu mmoja akae naye taratibu, na mtu huyo anaweza kuwa wewe. Muda upo lakini haungoji sana: akifika kidato cha kwanza atazikuta sehemu hizihizi kwa Kiingereza, na aliyezielewa kwa mikono lugha haimyumbishi.

Mwalimu wake pia umwone. Nenda shuleni kama mzazi, msalimie, mwambie nyumbani mlikuwa mnatumia msalaba na sasa mnahamia KDS, umuombe akubali majibu ya mtoto huku akimkumbusha kurahisisha. Mwalimu mwenye darasa limejaa hana namna ya kujua kwamba mtoto amefundishwa njia mbili. Akijua atamsoma daftari lake kwa jicho jingine. Na mtoto akuone ukienda.

Kwa wiki hii ashike njia moja, ya KDS. Msalaba uuweke kando mpaka atulie, kisha umrudishie kama njia ya kuhakiki. Mpe hizi, mbili kwa jioni, zisizidi, na kabla ya kuandika akwambie kwanza kama anategemea jibu zaidi ya nusu au pungufu, au zaidi ya moja. 5/6 − 1/4, jibu 7/12. 3/8 + 5/12, jibu 19/24. Kisha 4 1/2 − 2 5/6, atalazimika kukopa, jibu 1 4/6 ambayo ni 1 2/3. Ya mwisho iwe 1/2 + 1/3 + 1/6. Ukimwona ameandika 3/11, rudini mkekani na korosho 6. Akipata 6/6 na akaanza kuifuta kwa raba akidhani amekosea, mshike mkono: ni moja kamili, na ndilo jibu.